Amechanjwa na Nani?

Nesi hakuanza kwa kuuliza jina la mtoto. Ukifika zahanati na mtoto mgongoni, mbeleko hujaifungua bado, anakutazama kwa uso wake ule wa baridi na kusema, "Amechanjwa?" Ukijibu amechanjwa, ulikuwa hujajibu kitu. Linafuata la pili: "Amechanjwa na nani?"

Wageni walidhani ni dharau. Sisi wa kule milimani juu ya Ilula tulijua sababu. Kwetu neno hilo lina kazi nyingi. Kuni zinachanjwa kwa shoka. Mtoto anachanjwa kwa bibi, kwa wembe, chale za kifuani na unga mweusi unapakwa juu yake, ili ugonjwa ukipita umruke. Na mtoto huyo huyo anachanjwa zahanati kwa sindano. Nikiwa bado shule ya msingi walikuja watu kutoka wilayani, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama watoto wamechanjwa. Mabibi wakajibu kwa furaha: wamechanjwa, baba, wote, hata huyu mdogo. Wale watu wakaandika, wakanywa chai kwa mwenyekiti wa kijiji, wakaondoka wakitusifu kuwa kijiji cha mfano.

Nesi alikuwa likizo. Aliporudi akapewa habari hiyo njema, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Kesho yake alianza kupita nyumba zile zile akifunua mashati ya watoto. Chale za kifuani alizipita. Alikuwa anatafuta kovu la bega la kulia, lile dogo la mviringo linaloachwa na sindano ya kifua kikuu. Mtoto asiye nalo, mama yake aliitwa, na kuitwa na Nesi halikuwa jambo la kutamani.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu sijui, na hakuna aliyewahi kumuuliza akajibiwa. Nilimkuta yuko pale. Alinichanja mimi, akawachanja wadogo zangu, akamchanja mwanangu wa kwanza. Alikuwa mfupi, mnene, anavaa sweta la buluu juu ya gauni jeupe la kazi, maana kule kwetu ukungu unakaa mpaka saa nne, na viatu vya raba vya kiume. Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu. Sisi tulidhani ni bahati mbaya tu, mpaka tulipoona anavyolitumia. Mama akianza kulalamika, kwamba amekaa sana, kwamba mtoto wa fulani amepimwa kabla ya wake, Nesi alikuwa anageuza kichwa taratibu na kumpa sikio lile bovu. Anasubiri mpaka midomo ya mama iache kutembea. Kisha anasema, "Nimekusikia. Lete mkono wa mtoto." Ukitaka akusikie kweli ulipaswa kuzunguka upande wa kulia, na njia ya kwenda upande wa kulia ilizibwa na mizani.

Alijiita serikali. Hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa namna ambayo huwezi kucheka. Mtu akisema serikali imetusahau, yeye anajibu, "Serikali si ndiyo mimi? Unaniona, hunioni?" Barabara ikikatika wakati wa masika, serikali iko palepale inachemsha maji. Mwalimu akikosekana, serikali inakuuliza mtoto amechanjwa na nani. Baba yangu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema serikali alizozijua yeye ni mbili: mtoza ushuru wa nyanya na yule mama. Ya kwanza anaikimbia, ya pili inamkimbiza.

Kulikuwa na mambo mawili anayoyafanya kwa namna yake, na yote mawili yaliwaudhi watu.

La kwanza ni kadi. Kila mahali, mama anayewahi anaweka kadi ya kliniki mezani, anayefuata anaweka juu yake, rundo likikamilika nesi analigeuza, aliyewahi anaitwa kwanza. Nesi wetu hakugeuza. Alichukua lilivyo, kadi ya juu kwanza, yaani ya aliyechelewa. Mama wa jirani na zahanati, aliyefika alfajiri kwa hatua chache tu, alikaa mpaka mwisho. Yule aliyeshuka kutoka vitongoji vya juu kabisa, amelowa umande mpaka magotini, anafika jua limeshatoka, aliitwa hata hajapumua. Waliokaa karibu walinung'unika miaka yote. Walijaribu ujanja wa kuchelewa makusudi. Nesi aliwatazama miguu. Kama miguu ni mikavu, kadi yako inarudi chini.

"Wewe nyumba yako naiona hapa dirishani," alimwambia mama mmoja. "Ukichoka kusubiri nenda kageuze ugali, urudi."

La pili ni kichupa. Hili nilieleze vizuri kwa asiyejua, kwa sababu mambo yote yanayokuja yamo humo. Chanjo ya surua inakuja kama unga ndani ya kichupa. Inachanganywa na maji yake, na ikishachanganywa hailali. Masaa machache tu, kinachobaki kinatupwa. Kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Kwa hiyo ukienda na mtoto wako mmoja, na wengine hawajaja, nesi yuko kwenye mtihani: akifungua, anamchanja mmoja na kumwaga ya watoto tisa; asipofungua, anakurudisha. Wengi wanakurudisha. Wanasema, mama, njoo siku wakitimia. Na mama aliyetembea nusu siku kuja hatembei nusu siku tena wiki ijayo, ana shamba, ana wengine nyumbani. Mtoto anakua hivyo hivyo.

Nesi hakurudisha mtu. Wala hakumwaga. Alitoka nje kutafuta watoto.

Alijua nani ana mtoto wa miezi tisa kama wengine wanavyojua nani ana ng'ombe mwenye mimba. Alipita mashambani. Alisimama mlangoni mwa kanisa la Kilutheri ibada ikiisha, halafu akavuka kwenda kwa Wakatoliki kuwasubiri watoke. Msimu wa ulanzi, mianzi inapotoa pombe yake na wanaume wote wapo kilabuni, aliingia kilabuni. Na hapa niseme ukweli, alikuwa hapiti bila kuonja. Alikuwa anakaa kiti cha mbele kanisani Jumapili, mzee wa usharika kabisa, na Jumamosi anapokea kikombe cha ulanzi kwa mikono miwili, anamaliza, anafuta mdomo kwa sweta la serikali, kisha anasema kwa sauti ile ile ya kliniki, "Wenye watoto wa miezi tisa, mnywe mkitembea." Na wanaume walitembea. Utawaona wanapanda kilima na vikombe mkononi kwenda kuwaambia wake zao.

Mchungaji alimuonya kuhusu ulanzi. Akampa sikio la kushoto.

Simsifu tu. Alikuwa na mdomo mbaya, na mimi ulinipata. Nilipata mimba nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Nilienda kliniki mara ya kwanza nimejifunika kitenge mpaka shingoni, nikakaa mwisho wa benchi. Nesi akaniona. Akasema mbele ya benchi zima, "Huyu naye kamaliza shule, cheti chake anatembea nacho tumboni." Benchi lilicheka. Wengine ni wanawake niliowachotea maji. Nilimchukia mwezi mzima. Mpaka leo nikikumbuka sauti ile masikio yanapata moto, na kama kuna mtu anafikiri maneno ya namna hiyo yanamsaidia binti, akae nayo mwenyewe. Wasichana wawili ninaowajua hawakurudi kliniki kwa sababu ya mdomo wake. Hilo ni lake, sitamfutia.

Lakini baba yangu aliponiambia nitafute pa kwenda, ni Nesi aliyekuja nyumbani. Akasalimia, "Kamwene," akakaa, akala ugali wetu na mboga ya maboga, akasifia mahindi, akasema habari za mvua. Mimi hakunitaja. Anaaga, ndipo akamwambia baba, "Mjukuu wako namsubiri kliniki. Usiponiletea, nitamfuata hapa, na nitakuja na sauti yangu yote." Baba alijua sauti hiyo. Oska alipozaliwa, baba ndiye aliyenisindikiza kliniki ameshika mwavuli, na hakuniambia tena nitafute pa kwenda.

Siku ile ya sindano ya surua ya Oska, Nesi aliinama kumshika mkono na ukosi wa sweta ukavutika. Nikaona chale. Tena si moja, mistari ya zamani kabisa, imepauka, chini kidogo ya shingo. Mimi sikujua kunyamaza. Nikamuuliza yeye amechanjwa na nani.

Hakukasirika. Alimaliza kazi kwanza, akampa Oska pamba ashike, akasema, "Na bibi yangu mzaa baba. Alikuwa anaijua kazi yake, wembe wake haukuuma. Surua ikaja hivyo hivyo. Mimi ikanichukua sikio. Mdogo wangu ikamchukua mzima."

Nikasema kumbe ndiyo maana anawachukia wale mabibi.

"Nani kakwambia nawachukia? Bibi alitoa alichokuwa nacho. Angekuwa na sindano, angechoma."

Ni kweli, kumbe. Ukikumbuka vizuri, akina mama aliwatukana, wasichana aliwatukana, mwenyekiti alimtukana, ila mabibi wenye wembe hakuwahi kuwatukana. Alikuwa anakaa nao, anawaambia mchanje mkitaka, halafu mniletee na mimi nichanje. Wakamletea.

Huyo mwenyekiti Nesi alimtukana vipi? Hivi. Ulikuwa mkutano wa kijiji, na friji ya chanjo ilikuwa imezimika kwa kukosa gesi. Friji ile ilikuwa na maandishi ya Kizungu ubavuni, imeletwa na msaada. Mwenyekiti akasimama akaeleza kwa lugha nzuri kwamba friji ni ya wafadhili, chanjo ni ya wafadhili, kwa hiyo na gesi tuwasubiri wafadhili, na kijiji kiendelee na ajenda ya kuezeka ofisi. Watu wakaanza kupiga makofi. Nesi alikuwa amekuja na kile kisanduku cha kubebea chanjo, kile cha kuning'iniza begani chenye barafu. Akaenda nacho mbele, akakiweka mezani juu ya karatasi za mwenyekiti, akafungua mfuniko.

"Chungulia," akamwambia. "Unaona nini?"

Mwenyekiti akachungulia, mtu mzima na koti lake. Akasema haoni kitu.

"Basi ndiyo serikali yako leo. Nenda kaiezeke."

Gesi ilipatikana. Ofisi iliezekwa mwaka uliofuata, na haikufa.

Watu walimuuliza kama haoni aibu, kila chanjo ina mkono wa mzungu ndani yake. Ni swali ambalo wanaume walipenda kumuuliza wakishashiba ulanzi. Wanasema tutasaidiwa mpaka lini. Yeye hakuwa na aibu, wala hakuwa na zile shukrani za kupiga magoti. "Serikali ya kwao ikitoa, pokea, chanja. Serikali ya kwetu ikitoa, pokea, chanja," alisema. "Zote zikiacha, niambie mapema nikanoe majembe, maana kuchimba vile vishimo vifupi nako ni kazi."

Wanaume walirudi kwenye vikombe vyao. Wazee wao walivichimba vile vishimo. Viko bado nyuma ya shamba la kanisa, udongo umeshuka, watoto wanachezea juu yake bila kujua.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu, na si daktari. Lakini hapa naomba niseme kwa mdomo wangu, kabla sijamaliza habari za Nesi. Nimechoka kusikia chanjo ikizungumzwa kama zawadi. Nasikia redioni nchi zenye fedha zinajadili kama ziendelee kutoa au zibane mkono, na huku kwetu wakubwa wanajadili kama tuzibe pengo au tusubiri wabadili mawazo. Wanajadili kwa upole sana. Mtoto wa miezi tisa hana namna ya kuahirishwa. Serikali za kule zitoe, kwa sababu wanazo na wanajua dawa inafanya kazi, wao wenyewe wamewachanja wa kwao wote. Na serikali yetu itoe kwanza, kabla ya koti, kabla ya paa, kabla ya gari jipya la mtu, kwa sababu ni watoto wake. Sioni ugumu uko wapi. Ninayoyasimulia chini ndiyo ugumu ninaoujua mimi.

Niliolewa Mbeya, niko Iyunga, mume wangu ni fundi wa malori pale barabara kuu. Nina mtoto wa pili, Anitha. Alipofika miezi tisa nilikwenda kliniki, nikaambiwa chanjo ya surua imeisha, nirudi. Nikarudi. Bado. Manesi wenyewe walikuwa wanaona haya kututazama. Mara ya tatu nikakuta tangazo mlangoni, hata kuuliza hakukuwa na haja.

Jirani yangu mlango wa pili ni Mama Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, tunakopeshana mkaa. Mwanawe wa mwisho alikuwa mkubwa kidogo kwa Anitha, naye alikosa chanjo hiyo hiyo. Akapata homa, macho mekundu, kisha vipele. Walimpeleka hospitali, akalazwa, akarudi hai. Lakini sasa ukimwita hageuki. Mama yake anagonga sufuria nyuma yake, hageuki. Mama Sekela aliniambia mlangoni, bila kulia, "Mama Oska, usikae hapa. Beba mtoto uende kwenu kwenye chanjo."

Nilimbeba Anitha asubuhi iliyofuata. Basi la kwenda Dar lilinishusha Ilula mchana, penye wauza nyanya na vitunguu. Ndoo zikapandishwa madirishani kama kawaida, kila mtu anaita wateja. Kulikuwa na mmoja hakuita. Amekaa kwenye stuli, sweta la buluu, raba za kiume, ndoo ya nyanya miguuni. Abiria akamwuliza bei. Akamwambia bei. Abiria akaomba apunguziwe, na nikaona kile kichwa kinageuka taratibu kwenda kushoto.

Alikuwa amestaafu, nilijua. Sikujua anauza nyanya. Nilizunguka upande wa kulia nikamsalimia. Alinitazama, akamtazama Anitha mgongoni.

"Amechanjwa?"

Nikamwambia zote isipokuwa surua. Nikamwambia habari za Mbeya, za tangazo, na za mtoto wa Mama Sekela kwamba ukimwita hageuki. Akapanga nyanya upya juu ya ndoo, kubwa mbele. Akasema pale zahanati kwetu kimebaki kichupa kimoja, nesi mpya anakishika kama yai, hajakifungua kwa sababu watoto hawatimii siku moja.

"Kesho asubuhi njoo na kadi," alisema. "Watoto niachie mimi."

Nililala kwa baba. Asubuhi nilikuwa wa kwanza pale zahanati, ukungu bado umekaa. Nesi mpya ni binti mpole, rika langu, alinieleza habari ya kichupa kama vile sijui. Hakuna kingine, alisema, na wilayani wamemwambia hawajui kitakuja lini. Niliweka kadi yangu mezani. Nikasubiri.

Wakaanza kuja. Mmoja kutoka mashamba ya mahindi, wawili wamefuatana, mmoja na baba yake mtoto mwenye macho mekundu ya ulanzi wa jana. Nesi alikuwa amepita usiku mzima kwa simu na kwa miguu, sijui kwa kipi zaidi, anatembea sasa kwa kuvuta mguu mmoja. Kila aliyefika aliweka kadi juu ya yangu. Walipotimia kumi, nesi mpya akafungua kichupa na kuchanganya. Akanyoosha mkono ageuze rundo.

"Acha," Nesi akasema kutoka kwenye benchi. Hakuwa na gauni wala cheo, ila yule binti aliacha. "Ya juu kwanza."

Nilijua alichofanya. Kadi yangu ilikuwa ya chini kabisa. Nikasema mimi nimetoka Mbeya, hakuna aliyetoka mbali kuliko mimi. Nesi akanigeuzia sikio bovu.

"Umelala kwa baba yako," alisema. "Miguu yako mikavu."

Kwa hiyo nilikaa nikitazama. Mtoto wa kwanza, mkono wa kushoto, kilio. Wa pili. Sikuwa nahesabu watoto, nilikuwa naangalia ile dawa inavyopungua kwenye kioo. Binti akichelewa kidogo kuvuta, najiuliza kama amevuta nyingi. Mtoto mmoja alirusha mkono, na moyo wangu ukasimama, si kwa ajili yake, kwa ajili ya tone. Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo juu ya mtoto wa mwenzangu.

Akaitwa Anitha. Binti akavuta kilichobaki, akaligonga bomba kwa kidole. Nikafungua blauzi ya mtoto begani. Na hapo, kupitia dirishani, nikaona mwanamke anashuka kile kilima cha juu anakimbia, mtoto mgongoni anaruka ruka, kadi mkononi ameinyoosha mbele kama mtu anayesimamisha basi. Kitenge kimelowa mpaka magotini.

Nesi mpya alimwona. Mimi nilimwona. Nesi alimwona kabla yetu sote, maana alisimama.

Kwa sheria yake, kadi ile ndiyo ya juu. Miaka yote ingekuwa ya juu. Binti alishika sindano akamtazama yeye, si mimi. Mimi nilimshika Anitha mkono, nikaubana pale pale ulipo, na kama angeniambia niusogeze, nisingeusogeza. Nisieleweke vibaya: sioni haya. Mimi na yule mwanamke hatukuwa na ugomvi wowote duniani. Tulipewa ugomvi na watu ambao hawakuwepo chumbani, waliotutumia kichupa kimoja.

"Mchome," Nesi akasema.

Anitha alilia. Nesi hakukaa kumtazama. Alikwishatoka kumpokea yule mwanamke nje.

Nilipotoka nilimkuta amemkalisha kwenye kizingiti na kumpa maji. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko mimi, anahema bado. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama ni kweli imeisha, na Nesi akasema ni kweli. Akauliza itakuja lini.

Nimemjua Nesi tangu nipate akili. Nimemsikia akimjibu mwenyekiti, mchungaji, walevi, baba yangu. Sikuwahi kumsikia akisema neno alilosema pale.

"Sijui," alisema.

Yule mwanamke akakunja kadi, akaitia kifuani. Akamfunga mtoto upya, akaikaza mbeleko, akasimama. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga shughuli za kesho, "Basi nitampeleka kwa bibi akamchanje."

Alisema upande wa kulia, kwenye sikio zima. Nesi alisikia. Alibaki ameshika kikombe kitupu, na hakumkataza.